Prodan Hana wa Kurudi Naye

Walikuwa wameshaiacha Split nyuma, jua la asubuhi likiwapiga visogoni, na Ndugu Bratoš alikuwa bado analalamikia viatu vyake.

"Mkuu alisema viatu hivi vitanifikisha," alisema. "Hakusema kama vitanifikisha nikiwa hai."

"Tembea," Prodan akamjibu bila kugeuka. "Mdomo wako ndio kiungo pekee kisichoota malengelenge."

Walikuwa watawa watatu. Kanzu zao nyeupe zilikuwa zimegeuka rangi ya barabara, na majoho meusi wameyakunja mabegani kwa sababu Septemba ilikuwa bado na joto. Walikuwa wametoka Dubrovnik kwa miguu, kama ilivyo ada ya shirika lao la wahubiri: hakuna kupanda farasi, hakuna mfuko wa fedha, na hakuna mtu kutembea peke yake. Hilo la mwisho ndilo lililoshikiliwa kuliko yote. Mtawa akionekana njiani bila mwenzake, watu humtazama kama mbuzi aliyekata kamba, na nyumba yoyote atakayobisha hodi itamuuliza kwanza mwenzake yuko wapi ndipo impe maji.

Prodan ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Umri wake ulikuwa umepita sitini, miguu mirefu, mgongo umeinama kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi alikuwa akizunguka visiwani na vijijini kuhubiri, na kusoma kwake kulikuwa kwa kudokoa: mwezi huku, majira ya baridi kule, mpaka mwalimu afe au yeye atumwe pengine. Alijua nusu ya mambo mengi. Nusu nyingine aliijaza kwa sauti kubwa, na wavuvi wa kisiwa cha Lastovo hawakuwahi kulalamika.

Wa tatu alikuwa Vlaho, na safari ilikuwa ya kwake. Baba yake alikuwa mkwanguaji wa chumvi kule Ston. Siku moja Prodan alikuwa akihubiri kwenye kingo za mabwawa ya chumvi, na kijana huyu, miguu imepauka kwa chumvi hadi magotini, akanyoosha mkono katikati ya mahubiri na kuuliza swali. Watu walicheka. Prodan alizunguka na lile swali kichwani kutwa nzima, na kabla hajaondoka Ston alikuwa ameshakwenda kwa baba mtu kumwomba mwanawe. Sasa Vlaho alikuwa na miaka ishirini na miwili, na wakubwa wa jimbo walikuwa wamempa kiti katika chuo kikuu kipya cha shirika, kule Stomorin. Jimbo zima lilikuwa na viti vitatu tu. Mpango ulikuwa rahisi: Vlaho afikishwe, abaki, Prodan na Bratoš warudi.

Walipofika Trogir, Bratoš aliona mtini umeinamia ukuta wa bustani ya watawa wenzao, tini zimeiva mpaka zinapasuka. Akapanda ukutani. Prodan alikuwa ndani akinywa maji aliposikia kishindo, kisha sauti ya Bratoš ikiwaita watakatifu, kila mmoja kwa jina.

Kifundo cha mguu kilivimba kama kitunguu.

"Nilikuwa nakuchumieni ninyi," alisema Bratoš.

"Ndiyo maana juisi iko kidevuni kwako," alisema Prodan. "Basi lala hapa, upone. Nikishamfikisha kijana nitakupitia, twende zetu nyumbani."

Vlaho alifungua kinywa kama anayetaka kusema neno, akakifunga. Kwake Prodan alikuwa mzazi, na mzazi akishapanga safari hakosolewi mlangoni kwa watu. Wakaondoka wawili.

Mlango wa nyumba ya Stomorin walifunguliwa na mkuu wa nyumba mwenyewe, Padre Zoilo, mtu mwembamba mwenye mafua ya kudumu. Chuo kilikuwa na umri wa miaka mitatu tu na Padre Zoilo bado alikifurahia kama mtu mwenye nyumba mpya. Kabla hawajavua majoho aliwaonyesha ukumbi wa masomo, madawati yanayonuka mbao mbichi, na kiti cha mwalimu kilichochongwa simba wawili waliotokea kufanana na paka.

"Karibuni, karibuni. Huyu ndiye mwanafunzi wetu? Na wewe, Padre, ndiye uliyemsindikiza."

"Ndiye mimi. Nikipata mkate na usingizi wa usiku mmoja, kesho hunioni hapa."

"Vizuri. Na mwenzako wa kurudi naye yuko wapi?"

"Yuko Trogir. Kaumia mguu. Nitampitia."

Padre Zoilo akapenga kamasi taratibu, akaikunja leso. "Utampitia na nani?"

Prodan alimtazama. Kisha akamtazama Vlaho, ambaye alikuwa akiyachunguza mawe ya sakafuni. Ndipo lilipomwingia. Kutoka Stomorin hadi Trogir hakuwa na mtu. Miaka arobaini ya kutembea wawili wawili, na amejifungia mlango mwenyewe na ufunguo ameuacha nje.

"Wewe ulikuwa unajua!" alimwambia Vlaho.

"Nilianza kujua tulipotoka Trogir, Padre."

"Na ukanyamaza!"

"Nilidhani una mpango."

Usiku ule kwenye chumba cha kulia, ambako desturi ni kula kimya huku mmoja akisoma kwa sauti, msomaji alilazimika kusimama mara mbili kwa sababu watu walikuwa wakitikisika mabega. Habari ilikuwa imeshafika jikoni.

Wakatuma salamu Trogir. Baada ya wiki mbili jibu likaja: Bratoš alikuwa amechoka kungoja, amepata watawa wawili waendao kusini, amekwenda nao akichechemea. Nyumba ya Trogir haikuwa na mtu wa ziada. Kisha upepo wa bura ukaanza kushuka milimani, mkavu, wenye makali, ukang'oa vigae, na hakuna aliyetaka hata kulitaja neno safari.

Sheria ya nyumba ya chuo ilisema kila mtawa anayelala pale huketi darasani asubuhi, awe mwanafunzi au mkuu. Hivyo Prodan akaketi, dawati la nyuma kabisa, magoti yakigonga mbao. Siku za kwanza alikuwa kama farasi aliyefungwa zizini. Kengele ikilia alitoka kuzunguka ua wa ndani, raundi baada ya raundi, mpaka vijana wakaanza kumuuliza kila akipita: "Padre, umefika wapi sasa?"

"Makarska," angejibu, akitaja mji ulio njiani kurudi kwao. Au: "Niko Omiš, kuna matope, msinisumbue."

Na kila mgeni aliyebisha hodi alikutana na mzee mrefu mlangoni, swali mdomoni: "Unakwenda Dubrovnik?" Alimuuliza muuza mafuta, akamuuliza mchonga mawe, akamuuliza hata shemasi wa askofu aliyekuja kuazima ngazi.

Lakini yapo mambo yanayomwingia mtu bila kuomba ruhusa. Mwalimu mkuu, Egidije, alikuwa mtu wa Puglia, ng'ambo ya bahari, mnene, mwenye kikohozi, aliyefundisha huku amekumbatia chungu cha makaa. Hakuwa na haraka. Angelichukua swali moja dogo, aligeuze, aligonge, alisikilize kama mtu anayenunua mtungi sokoni. Wiki nzima waliimaliza na swali la malaika, kama anaweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

"Hawezi," alinong'ona Prodan kwa jirani yake. "Angeweza, mimi ningekwenda kusomea umalaika."

Hata hivyo Jumamosi ile alijikuta ameacha kuhesabu vigae. Jambo ambalo kwa miaka thelathini alikuwa akiwaambia wavuvi nusunusu, mtu alikuwa akimpa nusu ya pili, polepole, bure. Alikosea mengi. Siku moja alipinga kwa nguvu zote hoja ambayo Egidije alikuwa ameshaikataa jana yake, na darasa zima likaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka kuliko wote.

Vlaho naye alikuwa amekwisha kuwa wa pale. Alikula akisoma, alifagia akisoma. Rafiki yake mkubwa alikuwa Balint, mwanafunzi kutoka Hungaria, mwekundu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na wawili hao waligombana kuanzia kifungua kinywa kuhusu mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyaona. Prodan aliwasikiliza akiwa na kipande chake cha mkate wa shayiri na zeituni, akaona moyo wake umetulia. Yule kijana wa chumvi alikuwa amefika mahali alipozaliwa kuwa.

Ndipo Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, yalipoanza, na mwenye jahazi la mafuta akaleta amri kutoka Dubrovnik. Mkuu wa nyumba kule alikuwa amesikia hadithi yote kutoka kwa Bratoš, na hakucheka. Ndugu Prodan arudi. Kwaresima inakuja, visiwa havina mhubiri, na awe amefika kabla ya Jumatano ya Majivu, bila udhuru.

Padre Zoilo aliwaita Prodan na Vlaho chumbani kwake. Alipenga kamasi kwanza, jambo ambalo Prodan alishajua halileti heri.

"Nimelifikiria pande zote," alisema. "Nyumba hii sina mtu wa kumtoa. Walimu siwezi, mpishi siwezi, na wanafunzi wa majimbo mengine si wangu. Mliokuja wawili, mrudi wawili. Vlaho ataondoka na wewe upepo ukitulia."

"Na kiti chake?" Prodan aliuliza.

"Kiti kisichokaliwa ikifika Epifania ya Januari hupewa jimbo lingine. Hungaria wana mtu anayengoja. Hilo silo langu, ndivyo wakubwa walivyopanga."

"Lakini akishanifikisha, arudi..."

"Arudi na nani?" alisema Padre Zoilo, na safari hii hata yeye hakutabasamu.

Vlaho aliinamisha kichwa, kama wanavyoinamisha watawa wanapopokea neno la mkuu, akatoka. Prodan alimkuta bustanini akichuma majani ya sukuma kwa ajili ya mpishi, akiyapanga moja juu ya jingine kwa uangalifu usiohitajika.

"Usihuzunike, Padre," alisema Vlaho. "Nimeshapata miezi mitatu. Baba yangu hakupata hata siku moja."

"Usinifariji. Ukinifariji nitakuzaba kofi."

"Basi sikufariji. Shika kikapu."

Prodan alishika kikapu. Moyoni alikuwa anaungua. Yeye ndiye aliyemtoa yule kijana kwenye mabwawa, na sasa, kwa mguu wa mwingine na uzembe wake mwenyewe, yeye ndiye atakayemrudisha. Kukataa amri hakuwezi. Alikuwa ameapa utii. Kutembea peke yake hakuwezi. Angerudishwa na nyumba ya kwanza. Alizunguka ua siku ile mpaka giza, na waliomuuliza amefika wapi hawakujibiwa.

Raundi ya mwisho ndipo alipokumbuka mjadala.

Kila Majilio chuo kilifungua ukumbi kwa mjadala wa swali lolote. Siku hiyo yeyote aliyeingia, mtawa au muuza samaki, aliweza kuuliza atakalo. Hakujibu mwalimu. Alijibu mwanafunzi aliyepangwa, mbele ya watu wote, na mwalimu alikaa juu kwenye kiti chake kimya kama gogo. Kesho yake ndipo mwalimu alipotoa hukumu ya kila swali, na hukumu hiyo nyumba nzima iliishika, mkuu wa nyumba akiwa wa kwanza. Na mjibuji aliyepangwa mwaka ule, tangu Oktoba, alikuwa Vlaho.

Prodan hakumwambia mtu. Alitaka kumrushia kijana kamba bila kumtia aibu. Aulize tu, na Vlaho, mwenye akili kama wembe, ataona mlango na kupita.

Ukumbi ulijaa. Mvuke wa nguo zilizolowa ulipanda mpaka darini. Muuza samaki mmoja aliuliza kama sala ya mtu mwenye njaa ina nguvu kuliko ya aliyeshiba, akajibiwa, akaridhika. Balint aliuliza jambo refu kuhusu uhuru wa utashi, akajibiwa, hakuridhika. Kisha Prodan akasimama nyuma, na Kilatini chake cha viraka.

"Naomba kuuliza. Mtawa ameamriwa na mkuu wake arudi nyumbani. Sheria inamkataza kutembea peke yake. Mwenza hana, isipokuwa mmoja, na huyo akienda naye atapoteza masomo yake. Je, huyo mmoja analazimika kwenda?"

Ukumbi wote ukageuka, kwanza kumtazama Prodan, kisha Padre Zoilo, ambaye alizama ndani ya leso yake.

Desturi ya mjadala ni kwamba mjibuji hulirudia swali kwanza kwa maneno yake, tena kwa nguvu zote za anayempinga, mpaka mwenye swali aseme ndivyo. Hapo ndipo huanza kujibu. Vlaho alisimama.

Alilirudia swali vizuri mno. Alisema amri ya mkuu ni lazima ifuatwe pale ambapo si dhambi. Akasema haiwezi kufuatwa bila mwenza. Akasema mwenza mwenye haki ya kuchukuliwa ni yule ambaye kuondoka kwake hakumwumizi mtu ila yeye mwenyewe. Na kiti cha chuo, akasema, ni zawadi. Aliyepewa zawadi anaweza kuiweka chini ili ndugu yake aweze kutii.

"Ndivyo?" alimuuliza Prodan.

"Ndivyo," alisema Prodan. "Sasa ijibu."

Watu walisubiri. Vlaho alionekana kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango aliokuwa na hakika upo.

"Nimeitafuta hoja ya kuipinga," alisema mwishowe, "na siioni. Najibu kwamba analazimika kwenda."

"Haa!" Balint aliruka kutoka kwenye dawati. "Napinga! Wewe umetumwa hapa na jimbo zima. Jimbo ni kubwa kuliko mkuu wa nyumba moja!"

"Jimbo limeniruhusu kusoma," alisema Vlaho. "Halikuniamuru. Ruhusa mtu anaweza kuiacha."

"Unajikata mguu mwenyewe, ndugu yangu!"

"Mguu haumo kwenye swali."

Watu wakacheka, lakini kicheko kifupi, cha huzuni. Mwalimu Egidije juu ya kiti chake alikohoa, akageuza chungu cha makaa kwenye mapaja.

Walipotoka Prodan alimvuta Vlaho mkono mpaka nyuma ya jiko.

"Punguani wewe! Nakurushia kamba, wewe unajifunga nayo shingoni?"

"Sikujua ni kamba. Nilidhani ni swali."

"Lilikuwa swali la kukuokoa!"

"Ulipaswa kuniambia, Padre."

"Ningekuambia ungenijibu ninavyotaka mimi?"

Vlaho alifikiri. Kweli alisimama pale kwenye baridi, akafikiri. "Hapana," alisema. "Lakini ningelala vibaya zaidi jana."

Prodan alimtazama kwa hasira, kisha ghafla akaanza kucheka, kicheko kilichomtoka tumboni mpaka akaegemea ukuta wa jiko. Alikuwa amezunguka dunia yake yote akitafuta watu wanaosema kweli, na huyu mmoja aliyempata alikuwa anaisema hadi inamtupa nje. Vlaho naye akaanza kucheka, na mpishi akatoa kichwa nje kuuliza nani amekufa.

Asubuhi ya hukumu ukumbi ulijaa kuliko jana. Mwalimu Egidije alianza na njaa ya muuza samaki, akaendelea na utashi wa Balint, na wala hakuharakisha. Prodan alikuwa amekalia ncha ya dawati.

"Swali la tatu," alisema Egidije hatimaye. "Mjibuji wetu amepanga hoja vizuri kuliko nilivyozoea kusikia hapa. Kisha amehitimisha vibaya. Nitawaambia alipojikwaa."

Akakohoa. Wote wakangoja kikohozi kiishe.

"Alisema achukuliwe yule ambaye kuondoka kwake hakumwumizi mtu ila mwenyewe. Kweli. Akatazama ukumbi mzima, akajiona yeye tu. Hapo ndipo alipoanguka. Kiti hiki si chake aweze kukitoa. Kuna watu kule visiwani kwao, kuna wakwanguaji wa chumvi, watakaokuja kuuliza maswali kesho na keshokutwa, na aliyekaa kwenye kiti hiki ndiye atakayewajibu. Wao ndio wenye kiti. Mtu hatoi sadaka mali ya wengine, hata akiitoa kwa machozi."

Vlaho alikuwa ameinamisha uso mikononi.

"Na yule aliyeamriwa kurudi?" Egidije aliendelea. "Amri iko juu yake, haiko juu ya mwenzake. Mtu akiamriwa jambo ambalo hana njia ya kulitenda, utii wake ni kuwa tayari. Hana ruhusa ya kuijenga njia hiyo kwa hasara ya mwingine. Basi Ndugu Prodan atangoja. Kila asubuhi avae viatu vyake vya safari, aje navyo darasani. Siku mwenza atakapopatikana, aondoke siku hiyohiyo. Akifanya hivyo, mbele yangu ni mtii, na nitamwandikia mkuu wake hivyo kwa mkono wangu."

Akakohoa tena. "Tena aje dawati la mbele. Huuliza maswali kutoka nyuma, nami masikio yangu ni ya zamani."

Ukumbi ulilipuka. Balint alimbeba Vlaho mabegani kama gunia, kinyume kabisa cha desturi za watawa, na Padre Zoilo, ambaye angepaswa kumkaripia, alikuwa ameshughulika kupenga kamasi kwa muda mrefu sana. Alipomaliza alimjia Prodan.

"Hukumu ni hukumu," alisema. Uso ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Kiti anabaki nacho. Wewe, Padre, utakuwa ukila kwangu mpaka lini?"

"Mpaka umpate mtu aendaye Dubrovnik, Padre Mkuu."

"Nitamtafuta," alisema Zoilo. "Lakini nimezeeka, natafuta polepole."

Kesho yake Prodan aliketi dawati la mbele, viatu vya safari miguuni vimefungwa kamba hadi juu, fimbo ukutani. Bura ilipiga madirisha. Egidije alifungua swali jipya, akaligonga, akalisikiliza. Vlaho, dawati la pili, alimsukuma kidogo mgongoni.

"Padre. Umefika wapi?"

"Nyamaza," alisema Prodan. "Nasikiliza."

Mkuu wa nyumba ya Dubrovnik alipoipata hukumu alikasirika, akamtuma mhubiri mwingine visiwani kwa Kwaresima ile. Bratoš ndiye aliyekuwa mwenza wa mhubiri huyo. Alipona mguu, akaishi kuwa mzee, akawa mtunza bustani.

Mwenza wa Prodan alipatikana mwezi wa Mei, mtawa wa Ancona aliyekuwa akipita kwenda kusini. Prodan aliondoka naye siku hiyohiyo katikati ya somo. Alihubiri visiwani miaka minane zaidi, akafa kisiwani Mljet kwa homa, akazikwa hukohuko.

Egidije alikufa kwa kifua majira ya baridi yaliyofuata hukumu ile. Padre Zoilo alimaliza muda wake wa ukuu, akabaki katika nyumba ileile kama mtawa wa kawaida. Balint alirudi Hungaria, akafundisha, na wanafunzi wake walimlalamikia kwa sauti yake.

Vlaho alimaliza masomo, akafundisha miaka sita hapohapo Stomorin, kisha akatumwa kufundisha Dubrovnik. Kila mwaka wakati wa kuvuna chumvi alikwenda Ston na mwenzake mmoja. Baba yake aliishi akamsikia akihubiri mara tatu.

Chuo kilifundisha vizazi vingi. Baadaye kikafungwa, na ukumbi ukawa ghala la mafuta ya zeituni.